Pini ngumu nje, laini ndani: namna ya kupima joto linavyotoka kwenye chuma kinapopozwa

SWALI: Nafua patasi na tezo za wachongaji wa vinyago hapa Mtwara mjini, natumia springi za gari. Pia nachonga pini za milimita 30 za mashine za kukamua ufuta. Patasi nikizizamisha kwenye maji zinapasuka. Pini zinakuwa ngumu juu, lakini nikizikata, ndani ni laini. Mmoja ananiambia nitumie maji ya bahari, mwingine mafuta ya nazi, mwingine ya ufuta. Nataka nipime mwenyewe jinsi joto linavyotoka ndani ya chuma kikipoa, niache kubahatisha. Nianzie wapi, na kwa vifaa gani?

JIBU: Ndugu fundi, anza kwa kuacha kupima joto la maji au mafuta peke yake. Hilo litakwambia ndoo imepata moto kiasi gani, basi. Unachohitaji ni joto la chuma chenyewe, sehemu mbili kwa wakati mmoja: kwenye kiini, na milimita chache chini ya uso. Tofauti ya sehemu hizo mbili, ikiandikwa kila sehemu ya sekunde, ndiyo itakayokujibu maswali yote matatu: la patasi, la pini na la mafuta.

Joto lililo kwenye kiini lina hatua mbili za kutoka. Kwanza lipite ndani ya chuma mpaka usoni. Pili livuke kutoka usoni kuingia kwenye kimiminika. Hatua ya pili unaibadilisha kwa kuchagua maji, chumvi au mafuta. Ya kwanza huna namna ya kuigusa, kwa sababu inaamuliwa na chuma na unene wake. Chuma cha kawaida cha kaboni kikiwa baridi hupitisha joto vizuri: kipimo chake cha upitishaji ni karibu wati 50 kwa mita kwa nyuzi. Kikiwa na nyuzi 800 za Sentigredi hushuka mpaka karibu 25 hadi 30. Ukichanganya na uzito wake na joto kinaloweza kubeba, kasi ya joto kusambaa ndani ya chuma chenye moto mkali ni karibu milimita za mraba 6 kwa sekunde. Kumbuka namba hiyo.

Chukua nusu ya unene, izidishe kwa yenyewe, ugawe kwa 6. Patasi ya milimita 6 ina nusu ya 3, hivyo 9 kwa 6 ni sekunde 1.5. Pini ya milimita 30 ina nusu ya 15, hivyo 225 kwa 6 ni karibu sekunde 37. Huu ni mizani wa kulinganisha, usiuchukue kama muda halisi wa kupoa, ila unaonyesha jambo kubwa: unene umeongezeka mara tano, muda umeongezeka mara ishirini na tano. Kwenye patasi, kimiminika ndicho kinachotawala. Kwenye pini, hata ukitafuta kimiminika kikali kuliko vyote, kiini kinasubiri chuma kilichokizunguka kipitishe joto. Ndiyo maana ushauri mmoja hauwezi kutibu shida zako zote mbili.

Sasa kifaa. Kipande cha kupimia kisiwe cha chuma cha springi. Chuma cha springi kikipoa hubadilika muundo wake wa ndani, na mabadiliko hayo hutoa joto la ziada linalochafua hesabu. Tumia stenlesi (chuma kisichoshika kutu) ya aina ya 304 au 316, ambayo haibadiliki muundo katika kiwango hiki cha joto na haitoi magamba mengi. Kama umepata kipande bila maandishi, kijaribu kwa sumaku: isinate, au inate kidogo sana. Stenlesi inayonata sana ni ya jamaa nyingine, iache. Chukua fito ya kipenyo cha milimita 30, sawa na pini zako, urefu milimita 90. Urefu mara tatu ya kipenyo unatosha ili kupoa kwa ncha kusivuruge sana sehemu ya katikati.

Toboa matundu mawili kutoka kwenye ncha ya juu kwenda chini, sambamba na urefu wa fito. Usitoboe kutoka ubavuni. Waya unaoingia ubavuni hupita kwenye sehemu za joto tofauti na wenyewe hubeba joto kulitoa nje, hivyo ncha yake husoma pungufu. Tundu moja liwe katikati kabisa, la pili liwe milimita 12 kutoka katikati, yaani milimita 3 chini ya uso. Yote yawe na kina cha milimita 45. Milimita 35 za kwanza toboa kwa biti ya 3, kisha 10 za mwisho kwa biti ya 1.6, ili kipimajoto cha milimita 1.5 kibanwe vizuri kule chini. La katikati litobolewe kwenye mashine ya kukereza; la pembeni kwenye drili ya meza, fito ikisimamishwa wima kwa uangalifu.

Stenlesi ina tabia ya kugumu inapokwaruzwa bila kukatwa. Biti iwe ya kobalti na kali, mwendo wa taratibu, mkandamizo usiokatika, mafuta ya kukatia yawepo muda wote, na biti ya 1.6 itolewe kila baada ya milimita moja na nusu kuondoa vinyoleo. Ukiiacha biti izunguke pale pale bila kukata, chini ya tundu panageuka pagumu na biti inavunjikia humo. Ikivunjika, fito hiyo imekwisha, anza nyingine. Biti ndefu na nyembamba pia hupenda kupinda njia. Mwisho wa majaribio yako yote, kata fito hapo kwenye milimita 45 upime tundu la pembeni liko wapi hasa. Kosa la nusu milimita karibu na uso, fito ikipoa kwa nyuzi 20 kwa sekunde, ni kosa la nyuzi 12 hivi.

Kipimajoto kinachofaa ni themokapo (nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani) ya aina ya K, yenye ganda la chuma la milimita 1.5 na unga wa kuhami ndani yake. Nunua mbili za aina moja, ikiwezekana za shehena moja. Sababu utaiona kwenye hesabu. Usidanganyike na zile za milimita 3 au 6 kwa sababu zinaonekana imara. Ya 1.5 huchelewa karibu sehemu ya tano ya sekunde kufuata joto, ya 3 huchelewa karibu sekunde nzima. Chuma kikishuka kwa nyuzi 80 kila sekunde, ya pili itakuwa inakusomea joto lililopita kwa nyuzi 80.

Nyaya za aina ya K zina upande chanya na hasi, na rangi zake huwakosesha wengi. Kwa mtindo wa kimataifa chanya ni kijani na hasi ni nyeupe. Kwa mtindo wa Marekani chanya ni njano na hasi ni NYEKUNDU, kinyume na umeme wa gari. Ukiwa na shaka tumia sumaku: waya hasi hunata, chanya haunati. Na usiunganishe waya wa kawaida wa shaba katikati ya njia. Kama kiungio kipo karibu na tanuri na kina nyuzi 70, wakati chipu yako ya kusomea themokapo ipo kwenye nyuzi 30, usomaji utapungua kwa nyuzi 40 na hutajua kwa nini. Waya wa aina ya K ufike mpaka kwenye chipu.

Kwa kurekodi, chipu mbili za MAX31855, zinazogeuza ishara ya themokapo kuwa namba, na bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo ya kuziendesha, zinatosha. Unganisha na kompyuta, programu iandike muda na joto mara 10 kwa sekunde. Chipu ya MAX6675 ni rahisi na inapatikana kwa wingi, lakini husoma mara 4 au 5 tu kwa sekunde, hivyo kwenye maji utakosa kilele cha kupoa. MAX31855 haipendi themokapo ambayo ncha yake imeungana na ganda, kwa sababu ikigusana na ardhi ya umeme inatoa ishara ya hitilafu. Nunua ambayo ncha imetengwa na ganda, au endesha kila kitu kwa betri ya kompyuta bila kuchomeka chaja. Zima mashine ya kuchomelea na feni kubwa wakati wa jaribio. Namba zikirukaruka wakati chuma kimetulia, tatizo ni umeme wa jirani.

Fito sasa ichomelewe bomba la stenlesi la nusu inchi, urefu wa nusu mita, kwenye ncha yenye matundu. Matundu yote mawili yawe ndani ya mzunguko wa bomba. Kama bomba ni jembamba mno kulifunika tundu la pembeni, tanua mdomo wake kwa kipande cha bomba pana zaidi. Chomelea mzunguko mzima, tumia vijiti vya stenlesi. Bomba hilo ni mpini, na pia ni kinga. Kimiminika kikiingia kwenye tundu lenye nyuzi 850 hugeuka mvuke papo hapo: usomaji unakuwa meno ya msumeno, na mvuke au mafuta ya moto yanaweza kurushwa juu kuelekea usoni mwako. Kabla ya kuwasha moto, zamisha fito baridi kwenye ndoo ya maji na upulize ndani ya bomba. Povu likionekana, rudia kuchomelea.

Kisha hakiki vipimajoto. Barafu ya wavuvi iliyopondwa laini na maji baridi kidogo, ikikorogwa, inakupa 0. Maji yanayochemka Mtwara mjini, tulipo usawa wa bahari, yanakupa 100. Ukifanya kazi hii Newala juu ya uwanda wa Makonde, punguza karibu nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Kwa upande wa joto kali, chumvi safi ya mezani huyeyuka kwenye nyuzi 801. Iyeyushe kwenye kikombe kidogo cha stenlesi, weka themokapo, acha ipoe taratibu, na utaona usomaji unasimama muda kwenye 801 wakati chumvi inaganda. Chumvi ya mashambani ya Lindi ina madini mengine, hivyo huganda chini ya hapo. Kwa kazi hii tafuta iliyosafishwa. Chumvi na kikombe viwe vikavu kabisa, maana tone moja la maji likizama kwenye chumvi iliyoyeyuka huripuka. Vaa kinga ya uso, na usiiache themokapo humo zaidi ya dakika chache. Aina ya K ya daraja la pili inaruhusiwa kukosea mpaka asilimia 0.75, yaani nyuzi 6 hivi kwenye 850, kwa hiyo kukuta 797 au 805 si ajabu. Andika kosa hilo, ulirekebishe kwenye hesabu.

Moto wa mkaa na feni unafaa, ila usiizike fito moja kwa moja kwenye mkaa, kwa sababu upande mmoja utapata moto kuliko mwingine. Chukua bomba pana la chuma lililozibwa upande mmoja, lilaze ndani ya mkaa, ingiza fito humo. Lenga nyuzi 850. Subiri mpaka themokapo zote mbili zitofautiane kwa nyuzi 2 au 3 tu na zidumu hivyo kwa dakika 5. Tofauti iliyobaki ndiyo makosa ya vifaa: iandike, uitoe kwenye kila usomaji unaofuata. Bila hatua hii jaribio zima halina thamani, kwa kuwa unachotafuta ni tofauti kati ya sehemu mbili.

Kutoka tanuri mpaka kimiminika isizidi sekunde 3. Zamisha wima, katikati ya chombo, kina kile kile kila mara, mpini usiguse ukingo. Amua mapema kama utatuliza au utakoroga, na ukikoroga mwendo uwe ule ule. Kukoroga peke yake kunaweza kubadilisha matokeo kuliko kubadilisha aina ya mafuta. Chombo kiwe cha chuma chenye mfuniko, kamwe kisiwe ndoo ya plastiki. Fito yako ina uzito wa karibu nusu kilo na itamwaga kilojuli 240 hivi, kiasi cha kupandisha lita 10 za mafuta kwa nyuzi 13. Kwa hiyo lita 10 zinatosha, ila subiri yarudi kwenye joto la kuanzia kabla ya jaribio lingine. Rudia kila kimiminika mara tatu. Mistari mitatu isipolingana, usichague unaoupenda, tafuta kilichobadilika.

Ukichora joto dhidi ya muda, hasa kwenye maji, utaona vipindi vitatu. Mwanzo utando wa mvuke huzunguka chuma na kukitenga na maji, kupoa ni kwa taratibu. Kisha utando unavunjika, maji yanagusa uso na kuchemka kwa fujo. Hapo joto linatoka kwa kasi kuliko wakati wowote. Mwisho kuchemka kunakoma na joto linachukuliwa na mwendo wa kimiminika tu. Andika namba sita kwa kila jaribio: muda wa kiini kufika 600, 400 na 200, kasi kubwa kabisa ya kupoa, joto lililokuwepo kasi hiyo ilipotokea, na kasi kwenye nyuzi 300. Ndizo zinazotakiwa pia na kiwango cha kimataifa cha kupima mafuta ya kupozea, ISO 9950, ambacho hutumia fito ndogo ya aloi ya nikeli ya milimita 12.5 kwa 60 yenye themokapo moja katikati. Namba zako za fito ya milimita 30 zisilinganishwe na za makaratasi ya kiwango hicho. Linganisha zako na zako.

Hesabu sasa. Tafuta kipande cha grafu ambapo mistari miwili inashuka sambamba, yaani kasi ya kiini na kasi ya karibu na uso zinalingana. Tuseme kwenye mafuta ya nyuzi 60, kiini kina 700, tundu la pembeni lina 555, na yote yanashuka kwa nyuzi 20 kwa sekunde. Kasi ya joto kusambaa ni umbali kwa umbali, mara kasi ya kupoa, gawa kwa tofauti ya joto mara nne. Umbali ni milimita 12, hivyo 144 mara 20 ni 2,880; 145 mara 4 ni 580; jibu ni karibu milimita za mraba 5 kwa sekunde. Stenlesi yenye moto hivi inatakiwa iwe hapo hapo. Ukipata 2 au 10, ama tundu limepinda, ama ncha ya themokapo haijafika chini, ama mistari haikuwa sambamba. Na hapa ndipo faida ya themokapo pacha inapoonekana: zote mbili zinachelewa sawa, na kwa kuwa sehemu zote mbili zinashuka kwa kasi moja, ucheleweshaji unafutika kwenye tofauti.

Endelea mpaka usoni. Toka kiini mpaka uso ni milimita 15. 225 mara 20, gawa kwa 4 mara 5, ni nyuzi 225. Basi uso una 475 wakati kiini bado kina 700, na milimita tatu tu za chini ya uso zimebeba tofauti ya nyuzi 80. Anayetazama uso na kusema chuma kimeshapoa anakosea kwa nyuzi 225 kwenye kiini. Joto linalotoka kwa kila mita ya mraba ni nusu ya nusu-kipenyo (mita 0.0075) mara kasi ya kupoa (20) mara joto linalobebwa na mita moja ya ujazo wa stenlesi kwa kila nyuzi, ambalo ni juli milioni 4.74. Unapata wati 711,000. Gawa kwa tofauti ya uso na mafuta, 475 toa 60, yaani 415: karibu wati 1,700 kwa mita ya mraba kwa nyuzi. Hiyo ndiyo nguvu ya kupoza ya mafuta yako kwenye joto hilo. Kwa ulinganisho, hewa tulivu kwenye chuma cha nyuzi 850 hutoa karibu 100, sehemu kubwa ikiwa mnururisho, na maji yanapochemka kwa fujo juu ya uso yanaweza kupita 10,000. Wakati mistari bado inafarakana, mwanzoni na utando wa mvuke unapovunjika, hesabu hii fupi haifai. Hapo inabidi programu igawe fito kuwa pete nyembamba na kuhesabu kila pete kwa kila sehemu ya sekunde.

Tukija kwenye vimiminika ulivyoambiwa. Maji ya bahari yana chumvi ya karibu asilimia 3.5, na chumvi huvunja utando wa mvuke mapema na kwa usawa zaidi kuliko maji yasiyo na chumvi. Kwa chuma cha kaboni kisicho na aloi hilo ni jema, kwa kuwa linaondoa madoa laini. Kwa patasi za springi ni kuongeza tatizo, maana hupasuka kwa sababu ya kasi kubwa chini ya nyuzi 300, pale chuma kinapogeuka kigumu na kutanuka huku kiini kikiwa bado hakijafika huko. Angalia namba yako ya kasi kwenye 300: kwenye maji yoyote itakuwa juu sana, kwenye mafuta itakuwa ndogo. Springi za gari nyingi zina kromi au silikoni, hazihitaji kasi ya maji ili zigume. Zizamishe kwenye mafuta, kisha zirudishe kwenye moto mdogo mara zikifikia joto la kushikika kwa mkono. Patasi iliyoachwa usiku kucha bila kurudishiwa moto inaweza kupasuka yenyewe asubuhi.

Kati ya nazi na ufuta, utakuta mistari inakaribiana. Mafuta ya mimea hayachemki kama maji, hivyo utando wa mvuke ni mfupi au haupo, na mwanzo wa kupoa ni mkali kuliko unavyotarajia kwa mafuta. Tofauti ipo kwenye muda ambao mafuta yanadumu bila kuharibika. Ufuta huungana na hewa haraka zaidi ukipashwa moto mara nyingi, unakuwa mzito na kunata, na mstari wake unahama. Nazi inastahimili zaidi. Ila nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, hivyo asubuhi za Julai ipashe kwanza. Yoyote utakayochagua, yafikishe nyuzi 50 hadi 60 kabla ya kuzamisha, kwa sababu mafuta mepesi yanatembea na kuondoa joto vizuri kuliko mazito. Yasiachwe yapite 90. Rudia jaribio la fito baada ya muda wa matumizi: kasi kubwa ikishuka kwa zaidi ya sehemu ya kumi, badilisha mafuta.

Oili chafu ya injini iache. Ina masizi, chembe za metali na mara nyingi maji, moshi wake ni wa sumu, na hakuna makopo mawili yanayotoa mstari mmoja. Mafuta ya maganda ya korosho nayo, hata kama yanapatikana bure, yasikaribie tanuri: yanachoma ngozi yakiwa baridi, na mvuke wake huumiza macho na mapafu. Maji yaliyojificha chini ya pipa la mafuta ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Chuma cha moto kikiyagusa, yanakuwa mvuke na kurusha mafuta yanayowaka nje. Jaribu kwa kudondosha tone la mafuta ya chini ya pipa kwenye bati lenye moto wa zaidi ya nyuzi 120. Likitatarika, yana maji. Mchanga mkavu na mfuniko viwe karibu; moto wa mafuta haumwagiwi maji.

Zimebaki pini. Fito ya stenlesi imekupa tabia ya mafuta. Tabia ya chuma cha pini unaipata kwa kutoboa pini moja yenyewe vile vile na kuizamisha ikiwa na themokapo. Tazama mstari wa kiini kati ya 700 na 500. Ukiona mstari unalala, unasimama au hata kupanda kidogo kabla ya kuendelea kushuka, hilo ni joto linalotolewa na chuma kikigeuka kuwa laini. Pini hiyo haikugumu ndani, na sasa unajua ilishindwa kwenye joto gani na sekunde ya ngapi. Mstari ukipita hapo bila nundu, ukaonyesha nundu ndogo chini ya 300 tu, imeguma mpaka ndani.

Kama hutaki kuharibu pini nyingi, tumia jaribio la Jominy. Kereza fito ya chuma hicho hicho iwe na kipenyo cha milimita 25 na urefu 100, ipashe nusu saa kwenye joto la kuzamishia, itundike wima, na uirushie maji ncha ya chini tu. Mdomo wa bomba uwe wa milimita 12.5, umbali wa milimita 12.5 kutoka ncha, na maji yakirushwa bila fito yapande milimita 65. Acha dakika 10. Maji yanatakiwa yawe nyuzi 20, tano juu au chini. Ya tangi lililopigwa na jua la Mtwara yatazidi, kwa hiyo ongeza barafu. Kisha saga pande mbili kwa kina cha milimita 0.4, ukimwagia maji ili zisipate moto, na upime ugumu kila milimita 1.5 kutoka ncha. Hapa omba karakana yenye mashine ya Rockwell, tupa haitatosha. Milimita 1.5 kutoka ncha, chuma kikiwa na nyuzi 700 hupoa kwa karibu nyuzi 270 kwa sekunde. Kwenye milimita 12.5 ni karibu 18. Kiini cha fito yetu ya mfano kilikuwa na 20, kwa hiyo ugumu uliopo milimita 11 au 12 kutoka ncha ndio utakaoupata katikati ya pini ya 30 kwenye mafuta hayo. Chuma chenye kaboni asilimia 0.45 kisicho na aloi huwa kimeshuka hapo mpaka karibu 25 hadi 30 Rockwell C. Chuma cha springi chenye kromi huwa bado kiko juu ya 50.

Pini zako, kwa maelezo uliyotoa, zinafanana na za aina ya kwanza. Maji ya bahari yatakuongezea milimita moja au mbili za ugumu na hatari ya nyufa, kiini hakitabadilika. Lakini jiulize kwanza kama unataka kiini kigume. Pini ya mashine ya ufuta inapigwa na kupinda kila mzunguko, na kiini laini ndicho kinachoizuia isikatike; ganda gumu ndilo linalozuia kulika. Kwa hiyo kata pini moja kwa diski ukimwagia maji, isugue kwa msasa mpaka ing'ae, ipake feriki kloridi, kemikali inayofanya sehemu ngumu na laini zionekane kwa rangi tofauti, na upime upana wa pete ya nje. Ukiwa wa milimita 3 au zaidi, na pini inabadilishwa ikiwa imelika chini ya milimita 1, acha kama ilivyo. Pete ikiwa nyembamba kuliko kiasi kinacholika, badilisha chuma, chukua chenye kromi, na mafuta hayo hayo uliyokwisha kuyapima yatatosha.